Shombo Kwenye Kabati Jeusi

“Ndoo haina miguu, Dakta. Haikutoka stoo ikapanda ngazi ikaenda zake mjini. Kuna mtu kaichukua.”

“Mama, mimi nazungumzia kazi ya utafiti, wewe unaniletea habari za ndoo!”

“Kwa sababu ndoo ni yangu! Niliinunua mwenyewe, nyekundu, nikaileta hapa kwa kuwa mliniambia nisubiri bajeti. Wiki ya tatu leo sijaiona. Na jambo la pili, kile chumba chenu cha kamera kinanuka. Nilisema Jumatano iliyopita mkacheka. Leo nasema tena mbele ya watu: mle ndani kuna kitu kimekufa.”

Walikuwa wamesimama kwenye korido ya chini ya jengo la utafiti, asubuhi ya Jumatano, mfanya usafi na Dakta, na katikati yao afisa utumishi ameshika faili kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani. Dakta hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa daktari wa mimea, msomi wa majani, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya viwiko. Mkononi alikuwa na picha iliyochapishwa kwenye karatasi, nyeusi tii, na pembeni chini kuna kitu kimefifia kama ukungu.

“Hakinuki,” alisema. “Chumba kina nyuzi kumi na saba. Hakuna panya, hakuna chakula, na mlangoni kuna tangazo nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe: chakula hakiruhusiwi. Tatizo ni sabuni yako, mama. Sabuni ya unga ina dawa ya kung’arisha nguo. Dawa hiyo inatoa mwanga. Wewe huuoni, mimi siuoni, kamera inauona. Jumanne unapiga deki, Jumatano picha zangu zina doa. Wiki tatu mfululizo! Majani yangu yote yameharibika.”

“Mimi napiga deki sakafuni. Kabati lenu lina ufunguo, na ufunguo unao wewe na fundi.”

“Inapenya chini ya mlango.”

“Sabuni ipenye, mwanga usipenye? Kabati la ajabu hilo.”

Afisa utumishi alikohoa. “Mama, mkataba wako unaisha Ijumaa, unajua?”

“Najua, baba.”

“Dakta ameleta barua. Anaomba usiongezewe. Mimi sina ugomvi na wewe, lakini barua ikishaingia kwenye faili…” Hakumaliza. Alilifunga faili.

Watu wa jengo lile walimwita Mama Pua, wengine mbele yake, wengine kisogoni. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, fupi, haina sifa. Ila ilifanya kazi kuliko macho ya watu kumi. Akipita karibu na jokofu alijua maziwa ya nani yameganda. Akiingia lifti alijua nani amerudia soksi za jana. Na hakuwa mtu wa kumeza neno. Alikunja uso, akatema ukweli, akaendelea kusugua. “We mama una kinyaa kama mwanamwali,” mlinzi wa getini alimwambia siku moja. “Na wewe una miguu kama maiti,” alimjibu, “kaioshe.”

Kinyaa chake alikuwa amekilipia. Alipomaliza darasa la saba hakukuwa na la nane; aliolewa, na mume alipofariki, shemeji yake alimpa kazi kwenye ghala lake la samaki. Miaka kumi na moja alikaa juu ya kigoda cha plastiki, kisu mkono wa kulia, samaki mkono wa kushoto, matumbo kwenye beseni katikati ya magoti. Magamba yalimganda kwenye nyusi. Alijisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia, kwa mafuta ya nywele ya binti yake, na bado shombo ilimtangulia mlangoni kama mbwa. Kwenye arusi wifi zake walimtafutia kiti karibu na dirisha. Shuleni wenzake walimwita binti yake Mtoto wa Shombo, na siku ya kikao cha wazazi mtoto yule alimwambia, bila kumtazama, “Mama, mwalimu kasema si lazima uje.” Mwalimu hakusema neno hilo. Mama alijua, na hakwenda.

Kwa hiyo kazi ya kupiga deki kwenye jengo la utafiti, watu walioiona ndogo na waione wao. Kwake ilikuwa kazi ya kwanza isiyonuka. Miaka miwili sasa alirudi nyumbani akinuka sabuni, na binti yake, aliyekuwa mrefu kumzidi, alimlalia begani wakitazama televisheni. Begani! Shemeji naye hakuacha kumpigia simu kila mwezi: “Kisu chako bado kipo, shemeji. Nimekitundika palepale.” Alisema kwa wema, na kila aliposema, yule mama alikwenda kunawa mikono.

Jumatano ile jioni simu iliita tena. Hakuipokea.

Alhamisi asubuhi hakuanza na vyoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kamera, akiwa na kopo lake la sabuni kwapani. Alimkuta fundi peke yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mimba ya miezi mitano, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine umeshika kipande cha tangawizi anachokinusa. Tangu mimba iingie alikuwa akitapika mara tatu kwa siku ndani ya chumba kile, na kila mara alimwomba radhi mfanya usafi.

“Mwanangu, Dakta yuko wapi?”

“Kikaoni juu, mpaka saa nne. Pole sana, mama, nimesikia habari za barua.”

“Pole haipigi deki. Nataka unipigie picha ya sabuni. Kama sabuni ndiyo mwizi, basi tumwite mwizi mwenyewe asimame hapa tumwone.”

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. “Unajua, hilo nilimwambia Dakta wiki ya kwanza kabisa. Tuijaribu sabuni. Akasema tunapoteza muda, jambo liko wazi.”

“Liko wazi kwake. Mimi bado niko gizani. Washa hiyo mashine yako.”

Mashine yenyewe ilikaa ndani ya kabati jeusi refu kama la nguo, lililozungushiwa mpira mlangoni ili mwanga usipate hata tundu la sindano. Juu, kwenye dari ya kabati, kamera ilitazama chini. Sakafuni mwa kabati, juu ya kitambaa cheusi kizito, ndipo Dakta alipoweka miche yake. Jani likitolewa juani likatiwa gizani, fundi alimweleza, huendelea kutoa mwanga kidogo, kidogo mno, kama mtu aliyekwisha kula bado anacheua. Mche wenye afya hucheua hivi, mgonjwa vile. Dakta alikuwa akihesabu micheuo.

“Jamani, watu wamesoma,” mfanya usafi alisema.

“Ndiyo maana kamera hii si kama ya simu. Tazama namba hii hapa.” Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na namba inayoshuka polepole. “Ndani yake kuna kijiwe kidogo kinachopokea mwanga, tukiite jicho. Jicho likiwa na joto linajionea mambo yake lenyewe, chenga tupu, kama televisheni iliyokosa antena. Kwa hiyo tunalipoza mpaka nyuzi sabini chini ya sifuri. Likipoa, linatulia.”

“Kama mlevi ukimmwagia maji.”

“Hasa. Na halizimwi kwa pupa kama redio. Ukimaliza unaliacha lipate joto taratibu, la sivyo unaliumiza. Na ukifungua mlango taa ikiwa inawaka wakati jicho limefumbuka, unaweza kulipofusha kabisa. Kuna kitu mbele yake kinafunga na kufungua.”

“Kope.”

“Haya, kope. Sasa, kwanza tunapiga picha kope zikiwa zimefungwa. Hiyo ni picha ya giza.”

“Unapiga picha ya giza ya nini?”

“Ili nijue uongo wa kamera yenyewe. Kila kamera ina uongo wake. Vidoti fulani vinawaka siku zote mahali palepale, hata pasipo na kitu. Nikishaujua uongo wake, naukata kwenye picha ya kweli. Kinachobaki kimetoka nje.”

Mfanya usafi alitikisa kichwa kwa heshima. Alijua watu wengi ambao wangefaa kupigwa picha ya namna hiyo kabla hawajafungua mdomo.

Namba ilipofika sabini, walianza. Picha ya giza: chenga hafifu, vidoti vitatu, basi. Kisha fundi alikoroga sabuni ya unga kwenye kisahani, akalowesha kitambaa kipya, akaufungua mlango wa kabati kidogo tu, akakisukuma katikati huku amebana pumzi, akaufunga mara moja na kuzima taa za chumba. Kope zikafumbuka. Dakika kumi. Walikaa gizani, mmoja ananusa tangawizi, mwingine ameshika pua.

“Mama, na wewe inakukera?” fundi aliuliza gizani. “Harufu hii? Mimi nilidhani ni mimba. Mume wangu anasema mimba hii inanusa mpaka mawazo.”

“Mimba yako haina kosa lolote. Mimi ninachokinusa sitaki kukitaja kabla sijala.”

Picha ikatokea kwenye kioo. Fundi aliunganisha vidoti vinne vinne viwe kimoja ili mwanga mdogo uonekane, akakuza, akatoa ile picha ya giza. Kulikuwa na mstari mweupe mwembamba ukikatiza juu. “Huo achana nao,” alisema, “ni chembe imepita kutoka angani huko, hutokea mara moja na hairudi.” Katikati, pale penye kitambaa cha sabuni, palikuwa peusi kama moyo wa mdai kodi. Hapakuwa na kitu. Kwenye kona ya chini kushoto ndipo lilipokuwa doa.

“Sabuni yako ni safi, mama,” fundi alinong’ona. “Lakini hilo doa sasa ni la nini?”

Mfanya usafi alikuwa ameinama mpaka pua karibu iguse kioo. Kwenye karatasi ya Dakta doa lile lilikuwa ukungu tu. Hapa lilikuwa na umbo. Lilikuwa duara, duara lisilokamilika, limekatika sehemu moja, na penye mkato kuna kimkia kimechuruzika kuelekea ukutani.

Alilijua duara lile kama alivyoujua mstari wa kiganja chake. Miaka miwili, kila sakafu aliyopiga deki, alikuwa akigeuka nyuma kulifuta. Ndoo yake nyekundu ilikuwa na ufa chini. Aliuziba mwenyewe kwa kuyeyusha mfuko wa plastiki kwa kisu cha moto, kiraka kikatokeza kama chunusi, kikaiinua ndoo kidogo upande mmoja. Maji yalivuja polepole, yakazunguka ukingo wa chini, yakaacha duara lililokatika penye kiraka, na kimkia. Kila mara. Ndiyo maana hakuiweka kamwe juu ya zulia.

“Mwanangu,” alisema, “hiyo ni ndoo yangu.”

“Nini?”

“Ndoo yangu iliwahi kukaa humo kabatini. Nifungulie.”

Fundi alifunga kope za kamera kwanza, akahakikisha mara mbili, ndipo akawasha taa na kuufungua mlango wote. Mpira uliozuia mwanga ulikuwa umezuia na harufu, na sasa ikatoka yote kwa mkupuo, nzito, ya chumvi na uozo. Fundi alikimbilia sinki. Mfanya usafi alisimama palepale. Alihisi magamba kwenye nyusi. Alihisi kigoda cha plastiki chini yake. Akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya kabati la mamilioni, akanusa kile kitambaa cheusi kwenye kona.

“Kibua,” alisema kutoka ndani. “Wa juzi. Hakutumbuliwa. Na waliomuuza walimuuza akiwa amelala siku nzima. Mchafu mkubwa!”

“Samaki?” fundi aliuliza, mdomo unachuruzika maji.

“Samaki anawaka, mwanangu. Hamkufundishwa hilo? Kwa shemeji, stoo haikuwa na dirisha. Ukizima taa, samaki wa jana wa baharini, asiyeoshwa kwa maji baridi ya bomba, anakukonyeza. Rangi ya bluu, hafifu hivi, kama mafuta ya taa yakiisha. Shemeji alikuwa akisema akianza kuwaka, muuze kabla ya saa tatu.” Alitoa kichwa, macho yamejaa maji ya kichefuchefu. “Mimi nilidhani nimetoroka.”

Fundi alijifuta mdomo, na ufundi wake ukarudi. “Bakteria,” alisema. “Wa baharini. Baridi ya chumba wanaipenda, chumvi wanayo, giza tumewapa. Tumewajengea hoteli!” Kisha wote wawili wakafikia swali lilelile pamoja: nani aliyemtia samaki humo? Ufunguo wa kabati ulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa hapo, hawezi hata kutazama samaki kwenye picha. Na Jumanne ilikuwa siku yake ya kliniki.

Dakta aliingia saa nne na dakika tano, kalamu mfukoni, akakuta kabati wazi.

“Nani kawaruhusu—”

“Dakta,” mfanya usafi alisema, “ndoo yangu iko wapi?”

“Tena ndoo!”

“Hebu tazama.” Akamwelekeza kwenye kioo. “Hilo duara ni tako la ndoo yangu. Pale ndipo ilipovuja. Na kilichovuja ni maji ya kibua. Sasa niambie ni sabuni gani inayonuka kibua, nikainunue nimpelekee shemeji yangu.”

Dakta alitazama kioo. Alitazama kitambaa cheusi. Msomi ni msomi. Uliona kabisa hesabu ikipangwa kichwani mwake, Jumanne kwa Jumanne, na jibu likitoka, na jibu halimpendezi. Uso ukamshuka mpaka kwenye kola.

“Mke wangu…” alianza. “Pale njiani asubuhi ya Jumanne wanauza samaki kwa bei nzuri. Ukisubiri jioni wamekwisha. Jokofu la maabara lina sampuli, siwezi. Na garini joto…”

“Ukaona uwatie chumba cha kamera.”

“Jumanne kabati halitumiki. Liko baridi, lina kufuli. Niliweka kwenye ndoo ili wasidondoshe maji. Nilichukua stoo, nikasema nairudisha jioni. Sikujua ina ufa.”

“Wewe unahesabu pumzi za majani, ufa wa ndoo hukuuona?”

Fundi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Dakta alimtazama, akatazama tangazo lake mwenyewe kwenye mlango, lenye mwandiko mzuri na mstari mwekundu chini ya neno hakiruhusiwi. Nyani haoni kundule, ila siku hii kamera ilikuwa imemwonyesha, kwa dakika kumi, vidoti vinne vinne.

“Ndoo iko kwenye buti la gari,” alisema kwa sauti ndogo.

“Na barua yangu iko kwenye faili. Dakta, mimi sitaki kelele. Barua iliniharibia, barua initengenezee. Leo. Uandike kwa mkono uleule ulioandika lile tangazo.”

“Nitaandika.”

“Na hicho kitambaa utakitoa mwenyewe ukakioshe. Kwa maji ya bomba, mengi, yasiyo na chumvi. Mimi kazi yangu ni sakafu.”

Akatoka. Chooni alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanusa, akanawa tena. Ilikuwa pua tu, mikono haikuwa na kitu. Lakini aliinawa mara nne.

Ijumaa, kabla ya chai, afisa utumishi alimwita. Karatasi mpya ilikuwa juu ya faili. “Dakta anasema doa limetokana na uzembe wake mwenyewe,” alisema, akimtazama juu ya miwani. “Anaomba barua ya kwanza ifutwe. Uzembe gani, mama? Hapa hakueleza.”

Angeweza kusema. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kufikia mchana lingekuwa limefika ghorofa zote nne. Lakini asubuhi ile, tumboni mwake kukiwa na kikombe kimoja cha chai ya rangi, alishindwa kulitoa mdomoni. Lilimnukia.

“Alisahau kitu kabatini, baba. Niweke sahihi wapi?”

Miaka miwili mingine. Alitia sahihi polepole, herufi zote za jina lake, hakuacha hata moja. Kisha akatoka kwenye ngazi akampigia shemeji. “Kile kisu,” alisema, “mpe mtu mwingine. Au kitupe. Mimi sirudi.”

Dakta alimkuta stoo saa kumi, akipanga matambara. Shati lake lilikuwa na maji kwenye mikono, kwa mara ya kwanza bila pasi. Alikuwa ameibeba ndoo nyekundu kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta mahari.

“Nimeiosha, mama. Mara sita. Kwa sabuni yako, kwa siki, na kwa dawa ya maabara. Naomba unisamehe. Hata ule ufa nimeuziba vizuri.”

Aliipokea. Aliipindua: kweli, kiraka kipya, laini, hakivuji. Kazi nzuri. Akaigeuza tena, akaingiza uso wake ndani mpaka masikioni, akavuta pumzi.

Dakta alisubiri kama mwanafunzi.

Mama Pua alitoa uso nje. Midomo ilikuwa imekunjamana, macho yamefumba, na shingo yote imesimama mishipa. Akamrudishia ndoo kwa ncha za vidole viwili.

“Deni limekwisha, Dakta. Ndoo nimekusamehe,” alisema. “Nenda nayo.”